Mwaka Baba Alipoishi Kama Mama Yake

Tulipomzika binamu yangu Gitau huko Dundori mwezi uliopita, mvua ilinyesha wakati wa chakula, na watu wakajisukuma ndani ya nyumba wakala wamesimama, kila mmoja ameshika sahani kifuani. Mimi nilikuwa nimewahi kiti. Mtu wa nyumbani kama mimi, ambaye hata safari ya kununua viatu mjini huanza kumuuma tumbo tangu jana yake, akitoka hujua jambo moja tu vizuri, nalo ni kiti kiko wapi. Basi nilikuwa nimekaa, na waliosimama wakawa wanaongea juu ya kichwa changu. "Alikuwa na miaka ngapi?" "Hakufika ya babake." "Na babake naye hakupita ya guka." Halafu kila mmoja akaanza kupiga hesabu zake mwenyewe. Ndugu yangu Njoroge, ambaye juzi ametimiza hamsini na tumbo lake limetimiza zaidi, aliacha kutafuna. Akainama mpaka sikioni mwangu. "Wangare," akaniambia, "wewe ndiye ulikaa na Shosho. Alikuwa anakula nini hasa?"

Nilimwambia amalize nyama yake kwanza ndiyo aanze kuogopa. Tukacheka kidogo, cheko la mazishi. Swali lile nililisikia mara ya kwanza nikiwa msichana niliyetoka tu shuleni, na mwulizaji alikuwa Baba, na mwaka mzima uliofuata niliishi kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Habari za nani alimzaa nani nitaziruka. Hizo zina wazee wake, wale wa kuandaa ratiba ya mazishi. Inatosha kujua kwamba Shosho ni mama wa Baba, kwamba Guka Gitau, babake Baba, ambaye binamu yangu alirithi jina lake, alianguka katikati ya viazi vyake kabla mimi sijazaliwa, na kwamba mwaka huo ninaousimulia Ankal Mwangi, kaka mkubwa wa Baba na babake yule binamu, naye alianguka mezani akiwa na kipande cha chapati mkononi, katika umri uleule wa Guka. Baba alikuwa amebakisha mwaka mmoja kuufikia. Alikuwa dereva wa lori, Nakuru kwenda Malaba na kurudi, mtu wa kula nyama ya Salgaa, kituo cha malori, usiku na mchana, mwenye mkono mzito na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Baada ya mazishi ya Ankal Mwangi sauti hiyo ilishuka. Nyumba yetu ya Nakuru ilikuwa na pazia tu kati ya jikoni na sebuleni, na pazia halizuii maneno.

"Daktari amesema presha iko juu sana, Baba Wangare," Mama alisema. "Dawa ni ya kila siku."

"Kila siku mpaka lini?"

"Mwangi alikuwa na dawa," Baba akaendelea. "Tulimtoa nazo mfukoni, pakiti nzima."

"Mfukoni si tumboni," Mama akasema.

Kisha nikasikia Baba, polepole, kama anayejiuliza mwenyewe: "Na Mama je? Ameshazika mume, amezika mtoto, na bado anapasua kuni. Yeye anakula nini?"

Ndivyo tulivyojikuta Dundori kwa Shosho, Baba, begi lake, godoro, na mimi. Matokeo yangu ya Form Four yalikuwa yametoka, na yalikuwa matokeo ya mtu atakayebaki nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kama nina shughuli. Nilipewa kazi ya kupika. Kwa kuwa mimi ni kifungua mimba na nimeitwa jina la mama yake, Baba hakuwahi kuniita Wangare. Aliniita Mami tangu nikiwa mchanga. Katika nyumba ile basi alikuwa na mama wawili, mmoja wa kumwiga na mmoja wa kumpikia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, imeketi kwenye kona ya lililokuwa shamba la mzungu, na miti ya sipresi aliyoiacha mzungu huyo ilituzibia jua hadi saa nne. Baridi ya pale ilikuwa inaingia na viatu. Sebuleni kulikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, kalenda ya duka la dawa za mifugo, na kiti kimoja cha kamba karibu na mlango ambacho Baba alikitwaa.

Alimwiga mama yake kama mwanafunzi anayeangalizia mtihani. Shosho akiamka kabla ya jua na kunywa maji ya moto, Baba yuko nyuma yake, anaungua ulimi. Shosho akinywa uji wa wimbi uliochacha, Baba anaunywa pia, uso kama wa ndama anayepewa dawa ya minyoo. Shosho akienda kukata nyasi za nepia za ng'ombe, lile jitu linamfuata likibeba panga dogo. Akivuta ugoro, Baba naye anavuta, na anapiga chafya mpaka mbwa anahama uwanja. Jirani mmoja aliyekuwa akileta maziwa njia panda alisimama akawatazama wote wawili wameketi ukutani wakiota jua. "Boss," akamwita Baba, "umerudi kuachishwa ziwa mara ya pili?"

"Cheka tu," Baba akamjibu. "Mimi ndiye nitakuja kubeba jeneza lako."

Alisema hivyo bila tabasamu, na jirani akachukua mtungi wake akaenda.

Lililonitesa mimi ni chumvi. Shosho hakutia chumvi kwenye chakula, na akaniamuru nisitie. Mukimo wa nyumba ile, viazi na mahindi ya kupondwa, ulikuwa na ladha ya godoro. Baba aliula akiusifu. "Watu wa zamani hawakujua chumvi ya paketi," alinieleza, mdomo umejaa. "Ndiyo siri yao, Mami. Angalia mama yangu." Tukamwangalia. Shosho alikuwa anaangalia sahani.

Ilikuwa mezani hapohapo, mchana, alipomwuliza. "Mama, wewe ushawahi kumeza kidonge?"

Shosho alitafuna kwa muda mrefu. "Cha nini?"

"Chochote."

"Mimi huyu?" Shosho akasema.

Hilo halikuwa jibu, lakini Baba alilichukua kama jibu. Aliinuka, akatoa pakiti ya dawa kwenye koti lililoning'inia, akavuka uwanja hadi chooni. Aliporudi alikuwa anapangusa mikono kama mtu aliyezika nyoka. Mama yangu alipopanda kutuona Jumapili, akagundua, walizozana nyuma ya zizi. "Nataka kuishi," nilimsikia Baba akisema. "Nyinyi mnataka nimeze nife kama Mwangi. Mama hajawahi kumeza, na yuko." Mama alishuka Nakuru macho mekundu, akanishika mabega langoni. "Mwangalie," akaniambia. Hakusema nimwangalie nini.

Nilimwangalia. Sijui kama umewahi kuishi na mtu huku ukisikiliza kama bado yupo. Akikohoa zizini, moyo unatulia. Akikaa bila kukohoa, unaacha sufuria jikoni unaenda kuchungulia. Niliona mshipa wa pembeni ya jicho lake ukicheza wakati amekaa kimya. Nilimwona akishika nguzo ya lango akiinua uso, akijifanya anakagua mawingu, kumbe anasubiri dunia iache kuzunguka. Shosho alipumzika baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo Baba naye alilala kwenye kiti cha kamba, gazeti kuukuu limefunika kifua, na mimi nilihamishia kazi ya kumenya viazi mlangoni pale. Nilikuwa namenya macho yakiwa kwenye gazeti. Linapanda, linashuka. Wakati mwingine lilichelewa kupanda, na kisu changu kilisimama, na ndani yangu mtu akaanza kupiga nduru ambayo haikutoka. Halafu likapanda. Viazi nilivyomenya mwaka ule vingetosha Salgaa yote, na tulikuwa watu watatu tu. Watoto wangu hunicheka kwamba hata leo siwezi kumwacha mtu alale mchana kwa amani. Nitapita nikiangusha kifuniko makusudi, agutuke, nijue yupo.

Kila mwezi Shosho alikuwa akishuka mjini kuuza mayai, na hakutaka mtu wa kumsindikiza. Mwezi mmoja goti lilimsumbua, nikabebeshwa trei. Tuliuza yote nyuma ya soko, kisha akanionyesha jiwe. "Kaa hapo. Naenda kuona mtu." Nilikaa kidogo. Mji ulinitisha, kuachwa pekee kukanitisha zaidi, nikamfuata. Aliingia kwenye kijumba cha kliniki chenye benchi nje, na nilipochungulia nilimkuta amekunja mkono wa sweta hadi begani, kile kitambaa cha kupimia kimembana, nesi anacheka naye.

"Shosho Mayai," nesi akasema akiniona, "leo umekuja na askari?"

Shosho hakugeuka. Alingoja mpaka akapewa dawa zake, akazifunga kwenye pembe ya leso pale wazee wanapofunga pesa, akatoka, akakaa benchini kando yangu.

"Unaumwa?" nikamwuliza.

"Siumwi. Nina presha tu." Alisema kama mtu anavyosema ana kuku.

"Tangu lini?"

"Guka wako alipoanguka niliogopa nikaja kupimwa. Wakaipata."

"Na chumvi?"

"Ni hawa walinikataza. Kwani wewe unafikiri mimi napenda ile mukimo?"

Nilimwambia amwambie Baba, leo hii, tukifika tu. Nilimwambia mwanawe anaiga kila kitu chake isipokuwa hicho kimoja. Shosho alifungua fundo la leso akalifunga tena, ingawa lilikuwa limefungwa vizuri.

"Tulipomzika Guka wako walisema ni damu ya Gitau," akasema. "Tulipomzika Mwangi walisema tena, ni damu ya Gitau. Mimi nikakaa hapo katikati ya wanawake nikanyamaza. Sasa niende nimwambie huyu mmoja aliyebaki kwamba kile kitu kilimwua ndugu yake kilitoka kwa hii tumbo yangu?"

"Lakini atakufa, Shosho."

"Nyamaza," akasema. Nikaona kidevu chake kinacheza. Sikuwa nimewahi kumwona Shosho akiogopa. Nilidhani ukifika umri ule hofu inakuwa imeisha kama meno.

Hakumwambia. Basi nilimwambia mimi, zizini, nimeshika ndoo. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi sauti yake ya lori ikarudi. "Mami, ni mama yako wa Nakuru amekutuma," akasema. "Mwambie amejaribu." Nikaapa. Akanionyesha kwa kidole Shosho aliyekuwa ng'ambo ya uwanja anainua shoka. "Huyo? Huyo ana presha? Wewe umechoka kupika bila chumvi, sema tu." Akachukua ndoo mkononi mwangu, akapiga hatua, akasimama, akaiweka chini. Akakaa juu yake ikiwa na maziwa, kama hajaiona. Aliposimama suruali ilikuwa imelowa, na hakucheka, na mimi sikucheka. Nikarudi jikoni nikijua kwamba kuna mdomo mmoja tu duniani ambao Baba angeuamini, na mdomo huo ulikuwa umejaa ugoro.

Siku kina mama wa kanisa walipokuja kumletea Shosho blanketi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote kundini, walifika asubuhi wakati bado tunakunywa uji. Walijaa sebuleni mpaka vitambaa vya viti vikateleza sakafuni. Waliimba, wakaomba, na mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti nzuri, akamwomba Shosho awape siri ya kuishi siku nyingi. Shosho akatikisa kichwa. Ndipo Baba akasimama mwenyewe. Alikuwa amevaa shati jeupe kwa ajili ya wageni. "Siri ninaijua mimi," akasema, "kwa sababu naiishi. Mama yangu hajui chumvi. Mama yangu hajui hospitali. Mama yangu hajawahi kumeza hata ki..." Tone la damu likaanguka kwenye shati. Alilitazama kama limetoka kwenye dari. Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono, akajaribu tena, na neno likatoka limepinda, kama limetamkwa na mtu mwingine aliye mbali.

"Ni joto," mmoja wa wanawake akasema. Tulikuwa Dundori, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa makoti mawili.

Sikuweza kusogea. Nilikuwa nimeshika birika, na chai ilikuwa inamwagika kwenye kiatu changu, naiona na siisikii. Ndipo Shosho akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wangare, niletee maji. Usilete chai. Maji."

Nikamletea. Alifungua pembe ya leso, na wale wanawake wakadhani anatafuta sadaka. Akatoa kidonge, akakiinua mpaka kila mtu akakiona, akakiweka ulimini, akanywa maji.

"Hii ni ya presha," akasema. "Ni ya leo. Mlikuja mapema sikupata pa kujificha. Nameza kila siku tangu nizike mzee. Na kama ni damu mnatafuta, msimtafute Gitau, mwacheni apumzike. Ni yangu. Mwangi aliitoa kwangu. Na huyu hapa."

Hakuna aliyesema amina. Mwenyekiti alibaki amekumbatia blanketi kama mtoto. Mimi niliogopa mambo mawili kwa pamoja, kwamba Baba ataanguka, na kwamba mtu atasema neno baya kwa Shosho ambalo halitarudi. Baba alikaa chini. Alimtazama mama yake kama dereva anayeambiwa kwamba daraja analopitia kila siku halina nguzo.

"Mama," akasema, ulimi bado mzito, "uliniona nikipeleka zangu chooni."

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa naogopa kuliko wewe," Shosho akasema. Kisha akageukia wanawake. "Sasa, nani ana gari?"

Tulishuka na pikapu ya maziwa, Baba mbele na dereva, sisi wawili nyuma kati ya mitungi, Shosho akiwa amejifunika lile blanketi jipya, maana mwenyekiti alimtupia akiwa tayari amepanda. Njia nzima Shosho alishikilia upande wa pikapu akitazama kile kidirisha cha nyuma, kichwa cha Baba, kama nilivyokuwa nikilitazama gazeti. Nitasema hapa ili nisikuongezee na wewe presha: Baba aliufikia umri wa Guka akaupita, akapita na mingine mingi, akaja kuondoka akiwa mzee aliyesahau jina langu lakini hasahau dawa yake. Alipenda kusimulia siku ile kama kichekesho, na Njoroge ameisikia mara nyingi, anaijua mpaka kidonge cha mwisho. Lakini mtu akiogopa haulizii dawa. Anaulizia mboga. Nami simlaumu, kwa sababu mchana ule juu ya pikapu sikujua chochote kati ya haya. Nilijua tu kwamba kichwa kile kwenye kidirisha kilikuwa kinaegemea upande, na kila tulipopita shimo kilichelewa kurudi.

Hatukwenda kwenye kliniki ya mayai. Tulikwenda hospitali kubwa. Shosho aliachwa kwenye benchi la nje kwa sababu waliruhusu mtu mmoja tu kuingia na mgonjwa, na Baba akasema, "Mami aje," na kwa muda mfupi mimi na Shosho tukatazamana, hatujui ni nani kati yetu ameitwa. Nesi alikuwa akinishika mkono tayari. Ndani, alimfunga Baba kile kitambaa mkononi, akapima. Akapima tena. Akaenda mlangoni akamwita mwenzake kwa kidole, wakasoma pamoja, nami nikashika chuma cha kitanda. Walimpa kidonge cha kuweka chini ya ulimi, wakamlaza, na baada ya muda yule wa kwanza akarudi na kalamu.

"Unavuta sigara?"

"Ugoro. Wa kuiga."

Nesi hakucheka. "Nyumbani kwenu kuna mtu ana presha?"

Baba alifumba macho. Nilijua jibu alilowapa madaktari wote waliotangulia. Lilikuwa "Baba yangu, na kaka yangu, wote marehemu." Kifua chake kilipanda, kikashuka. Nilidhani amelala, au jambo baya zaidi, nikainama.

"Mama yangu," akasema.

Nesi akaandika. Sauti yake ililainika, ile sauti ya kupeana pole kabla ya kuambiwa. "Pole sana. Alifariki akiwa na miaka mingapi?"

"Hajafariki," Baba akasema, bila kufumbua macho. "Ndiye huyo unamsikia hapo nje akiuliza kwa nini unachelewa."